Mpwa wangu ametemwa siku tisa kabla ya ligi kuanza: je, asaini karatasi aliyopewa?

Mjomba wa Tandika:

Ndugu wadau wa soka, habari za jioni. Naomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi tangu Alhamisi. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ni winga wa kushoto mwenye umri wa miaka 22, na mwaka jana alisaini mkataba wa miaka miwili na klabu moja ya hapa Dar es Salaam ambayo naomba nisiitaje. Zikiwa zimebaki siku tisa ligi ianze, meneja wa timu alimwita ofisini, akamwambia kwamba hayumo katika mipango ya kocha, akamkabidhi karatasi mbili zilizokwisha kugongwa mhuri, nafasi ya tarehe ikiwa imeachwa wazi, na kumtaka asaini papo hapo. Kijana akajibu kwamba hawezi kusaini kitu bila mjomba wake kukiona. Karatasi hizo ninazo mimi.

Sitaki kumtetea kupita kiasi, kwa sababu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi ndiye niliyemlea. Kipaji anacho. Katika mechi moja ya mchangani, kabla hajasajiliwa, aliwapiga chenga mabeki watatu kwenye mstari wa pembeni, kisha akasimama juu ya mpira akawasubiri warudi, na mashabiki wakaingia uwanjani kumtuza kwa kumchomekea noti za elfu moja moja kwenye soksi hadi mwamuzi akasimamisha mchezo. Noti zile ziliishia baa usiku uleule. Tangu mama yake alipofariki anakunywa, na msimu uliopita alichelewa mazoezini mara nyingi, akatoroka kambini mara tatu, na mara moja alifika asubuhi akinuka pombe mbele ya kocha mkuu. Hayo yote ni kweli na yeye mwenyewe hayakatai.

Ninachouliza ni hiki: je, klabu ina haki ya kumwacha namna hii wakati mkataba bado una mwaka mzima? Karatasi inasema kwamba ni "mchezaji mwenyewe aliyeomba kuachiwa", jambo ambalo si kweli, na inamlipa mshahara wa mwezi mmoja. Aidha, jioni kabla hajaitwa ofisini, klabu ilikuwa imekwisha kuweka picha yake mtandaoni na maneno ya kumshukuru na kumtakia kila la heri. Aliiona picha hiyo kwenye simu ya kinyozi, akiwa kwenye kiti ananyolewa.

---

Katibu Mstaafu:

Ndugu Mjomba wa Tandika, pole sana. Nimewahi kuwa katibu wa klabu kwa miaka kadhaa, na karatasi za namna hiyo nimeziandika mwenyewe, kwa hiyo nazijua kwa ndani.

Kwanza, asisaini. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa huisha kwa njia mbili za kawaida tu, yaani muda wake kumalizika au pande mbili kukubaliana, na ndivyo kinavyosema kifungu cha 13 cha Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji. Nje ya hapo, anayeuvunja lazima awe na sababu ya haki kwa mujibu wa kifungu cha 14, na asipokuwa nayo hulipa fidia kwa mujibu wa kifungu cha 17. Misingi hiyo ndiyo ambayo mashirikisho, likiwemo la kwetu, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), hutakiwa kuizingatia katika kanuni zao za ndani. "Kocha hamhitaji" si sababu ya haki. Ndiyo maana karatasi ikaandikwa kwamba kijana ameomba mwenyewe: akisaini, hakutakuwa tena na mkataba uliovunjwa na klabu, kutakuwa na makubaliano ya watu wazima wawili, na madai yake yote yatakuwa yamefia hapo.

Pili, ile picha ya mtandaoni ni mali kubwa kuliko mnavyodhani. Klabu imeutangazia umma kwamba imeachana naye, kabla hajaitwa ofisini na kabla hajasaini chochote. Ipigeni picha leo, ionekane siku na saa iliyowekwa, kabla mtu mwenye akili pale ofisini hajaifuta.

Tatu, utovu wa nidhamu. Hapa ndipo klabu inaweza kuwa na hoja, nami sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kutoroka kambini mara tatu ni kosa zito. Lakini vyombo vya usuluhishi vya soka huchukulia kuvunja mkataba kuwa hatua ya mwisho kabisa, baada ya onyo, faini na kusimamishwa kushindwa kumrekebisha mchezaji. Kwa hiyo muulize kijana swali moja: alipewa barua ngapi za onyo, na je, aliwahi kuitwa mbele ya kamati akajieleza? Makelele ya kocha mazoezini si onyo la maandishi.

Shauri hili, kwa kuwa mchezaji na klabu wote ni Watanzania, haliendi FIFA moja kwa moja bali huanzia kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF. Wengi wetu tunakumbuka sakata la kiungo Feisal Salum na klabu yake ya Yanga, lililoanza Desemba 2022, alipotaka kuondoka kwa kurudisha fedha, na Januari 2023 kamati hiyo ikasema kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, hadi alipokuja kuhamia Azam kwa makubaliano katikati ya mwaka huo. Ikiwa mchezaji hawezi kuamka asubuhi akasema ameondoka, klabu nayo haiwezi kuamka ikasema ameondolewa.

Kuna pia njia ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Viongozi wa soka hawapendi mtu aanzie huko, na kanuni zetu zinataka kwanza uvitumie vyombo vya mpira, lakini hesabuni siku hizo tangu sasa msije mkafika mlango umefungwa.

---

Shabiki wa Manzese:

Mbona Marekani mchezaji anakatwa na maisha yanaendelea? Katika soka lao lile la mikono, timu huingia kambini na watu 90 na kubaki na 53 msimu unapoanza, wengine wote nje. Antonio Brown, mmoja wa wadaka pasi hodari wa kizazi chake, aliachwa na Oakland Raiders tarehe 7 Septemba 2019, siku mbili tu kabla ya mchezo wao wa kwanza, baada ya mlolongo wa faini na ugomvi na viongozi. Wala hakuwa amewachezea hata mechi moja ya ligi. Siku hiyohiyo New England Patriots wakamchukua, akacheza mechi moja, nao wakamwacha. Mchezaji mkorofi ni mkorofi tu.

---

Katibu Mstaafu:

Mkuu, mfano huo ni wa kweli lakini mkataba wake si wa aina ya kwetu. Kule sehemu kubwa ya fedha huwa haina dhamana, na timu inaweza kumwondoa mchezaji ikabaki inadaiwa kile tu kilichodhaminiwa. Katika soka letu mkataba wote ni dhamana hadi siku ya mwisho. Tusichanganye.

---

Beki wa Zamani:

Mzee wangu Mjomba, shikamoo. Mimi nilisaini karatasi kama hiyo juu ya boneti ya gari la kiongozi, nje ya geti la mazoezi, nikiwa nimevaa ndala na begi la viatu begani. Aliniambia nikisaini ndani ya dakika tano nitapata barua ya kuachiwa, niwahi usajili wa timu nyingine kabla dirisha halijafungwa. Fedha alinipa taslimu ndani ya bahasha ya kaki na hakunipa nakala. Mwezi uliofuata nilipouliza posho za kushinda za mechi sita, nikaonyeshwa mstari wa mwisho wa karatasi uliosema "sina madai mengine yoyote", na saini yangu chini yake.

Kwa hiyo nataka kuongeza jambo moja ambalo Ndugu Katibu hakuligusa. Watakutisha kwa saa ya dirisha la usajili, na kijana ataingiwa na hofu kwamba atakaa msimu mzima bila timu. Hofu hiyo ina msingi, lakini haraka ni yao pia, kwa sababu kama wameshampata mtu wa kuchukua nafasi yake, jina la mpwa wako likiendelea kukaa katika usajili wao linawabana. Kaeni mezani mkijua hivyo. Na asiache kwenda mazoezini! Kila asubuhi afike getini na viatu vyake kwa wakati, wakimzuia amwombe mlinzi aandike kwenye kitabu. Akibaki nyumbani, kesho watasema ndiye aliyetoroka.

---

Kocha wa Vijana, Kinondoni:

Nimesoma yote, na nitasema lisilopendeza. Hapa mmeijadili karatasi kwa ustadi mkubwa, na kijana mwenyewe mmemgusa kwa mistari miwili. Ninafundisha vijana 26. Mmoja akija ananuka pombe nami nikampanga kwa sababu mguu wake wa kushoto ni wa dhahabu, wale 25 wananitazama, na kuanzia siku hiyo sina timu. Sina shaka kwamba klabu imekosea utaratibu, lakini kocha aliyesema hamhitaji huenda hakukosea.

Watu hupenda kumtaja Tony Adams, beki wa Arsenal ya Uingereza, kama ushahidi wa uvumilivu. Ni kweli kwamba Desemba 1990 alifungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na Arsenal wakamrudisha kikosini alipotoka, akaendelea kuwa nahodha wao. Kinachosahaulika ni kwamba alikiri hadharani kuwa ni mlevi mwaka 1996. Kwa karibu miaka sita alivumiliwa, akatwaa makombe, na akaendelea kunywa. Uvumilivu wa klabu ulimhifadhia kazi, haukumtibu. Upande wa pili yupo Paul Gascoigne, kiungo wa Uingereza aliyesumbuliwa naye na pombe, aliyeachwa na kocha wa taifa Glenn Hoddle katika kambi ya Hispania siku chache kabla ya Kombe la Dunia la 1998, akiwa na mechi 57 za timu ya taifa, na hakuichezea tena. Kuachwa nako hakukumtibu. Kwa hiyo, Mjomba, hata mkishinda shauri hili shilingi kwa shilingi, fedha hiyo itapita mkono uleule uliopeleka zile noti za kwenye soksi.

---

Muuguzi wa Mbagala:

Kaka yangu Mjomba, naongezea kwa Mwalimu Kocha, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Tafadhali usimfungie ndani ili aache pombe kwa nguvu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, na wapo waliopoteza maisha kwa sababu ndugu walidhani ni ukaidi. Mpeleke kwanza akaonwe na daktari; Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili inayopokea watu wenye tatizo la pombe, na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe inaweza kukuelekeza. Mkifikiria nyumba ya upataji nafuu, ulizeni kwanza kama imesajiliwa na nani anayetoa dawa humo.

Umeandika kwamba alianza kunywa mama yake alipofariki, kisha ukapita haraka. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa naye kuzungumza juu ya dada yako?

---

Mjomba wa Tandika:

Ndugu zangu, asanteni, na Beki wa Zamani, marahaba. Naleta mrejesho kwa kuwa nimeona wengi wameendelea kuuliza.

Jumatatu tulikwenda ofisini mimi, kijana, na jirani yetu aliyesomea sheria. Tuliomba kuona jalada lake. Lilikuwa na barua moja tu ya onyo, ya mwezi Februari, tena isiyo na saini yake ya kupokea. Jirani akatoa simu akawaonyesha ile picha ya kumuaga pamoja na saa yake, na meneja akaomba tumpishe apige simu. Tulikaa kwenye benchi la nje kwa saa nzima. Walipoturudisha, maneno ya "ameomba mwenyewe" yalikuwa yamefutwa, na wakakubali mshahara wa miezi minne, posho zote za msimu uliopita, pamoja na barua ya kuachiwa siku ileile. Ndugu Katibu angesema tungeweza kudai zaidi, na huenda ni kweli, lakini kijana alisema wazi kwamba hataki kurudi pale kumtazama kocha usoni. Tukasaini, nakala tatu, tarehe ikiwa imejazwa.

Fedha, kwa ombi lake mwenyewe, ziko kwenye akaunti ya bibi yake.

Kuhusu swali la Dada Muuguzi, jibu ni hapana, hakuna aliyekaa naye, mimi nikiwa wa kwanza. Usiku ule nilijaribu. Hakusema mengi. Aliniuliza kama ninayo bado ile khanga ya mama yake iliyokuwa na ndege pembeni, nikamwambia iko sandukuni kwangu, akaomba aione. Jumatano tumepewa miadi hospitalini, naye amekubali kwenda ikiwa nitaingia naye.

Kocha mmoja wa daraja la chini huku Temeke amesema anaweza kufanya naye mazoezi bila kumwahidi usajili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku ya kwanza alichelewa dakika ishirini na akakimbizwa nje ya uzio peke yake hadi wenzake walipomaliza. Leo ameondoka nyumbani kabla ya adhana.