Sabuni za maji: bidhaa 14, matangi mawili. Familia za bidhaa zigawanywe vipi?

mchanganyaji_mbagala
Wakuu, habari za kazi. Kiwanda ni kidogo: tangi la lita 1,000, jingine la 500, na mashine moja ya kujaza yenye noseli nne. Bidhaa zetu ni sabuni ya vyombo (harufu 3), ya usafi wa jumla (4), ya kunawia mikono (3), ya magari (1), kilainisha nguo (2) na dawa ya kung'arisha ya klorini (1). Ujazo ni 250 ml, 500 ml, lita 1, lita 5 na lita 20.

Kila bidhaa ina fomula yake na kila bechi inaanzia kwenye maji matupu. Kwa wiki ni bechi 12, na kila ikiisha moja tunaosha kila kitu, dakika 90 zinakwenda. Stoo imejaa chupa za 250 wakati wateja wanataka za lita. Sasa mkubwa anataka harufu mbili zaidi.

Swali: familia zipangwe kwa jina la sokoni, kwa ujazo wa chupa, au kwa fomula? Na kama ni besi moja (mchanganyiko wa msingi wa kutolea bidhaa kadhaa), iwe na nini ndani?

Kemia_Zamu
Jina la sokoni liachie watu wa mauzo. Kiwandani familia hupangwa kwa swali moja: mabaki ya bidhaa hii yakiingia kwenye ile, kutatokea nini? Ukijibu hilo kwa kila jozi, orodha yako inajigawa yenyewe mara nne.

Ya kwanza ni vyombo, usafi wa jumla na magari. Zote ni salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni) na ungaroli (SLES, kiambato kizito cha povu), zinatofautiana nguvu, rangi na harufu tu. Ya pili ni ya mikono. Ya tatu ni kilainisha nguo: chaji yake ni kinyume na ya sabuni, hivyo vikikutana unapata mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Kipewe tangi dogo la peke yake. Ya nne ni klorini, na hiyo isishiriki chochote, hata mpira wa maji. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, sumu kamili, na chuma cha pua inakila. Tangi na pampu viwe vya plastiki, chumba kiwe na hewa. Tena nguvu yake hushuka kwa joto na mwanga, kwa hiyo tengenezeni ya oda za wiki hiyo tu. Msirundike.

Besi ya familia ya kwanza, kwa kilo 1,000:
- maji kilo 711
- kostiki (soda kali) karibu kilo 19
- salfoniki ya 96%, kilo 150
- ungaroli ya 70%, kilo 120

Kostiki iingie kwenye maji (kamwe si maji kwenye kostiki), kisha salfoniki polepole mota ikizunguka, maana inapanda joto. Fika pH 7 hadi 7.5 kabla ungaroli haijaingia, kwa kuwa asidi huivunja. Ungaroli iingie kidogo kidogo ndani ya kimiminika. Ukimwaga maji juu yake inageuka jeli, na mabonge hayo yatakuzungusha mchana kutwa.

Hapo una sabuni hai (viambato vinavyosafisha) ya karibu 24%. Kwa kilo 1,000 za sabuni ya vyombo ya 15% unachukua besi kilo 625. Ya magari kwa 12%, kilo 500. Usafi wa jumla kwa 8%, kilo 333. Bechi moja ya besi inakupa kilo 1,000 za vyombo na bado zinabaki kilo 375 za kutoa kilo 1,125 za usafi wa jumla.

mchanganyaji_mbagala
Asante mkuu. Ya mikono kwa nini isitoke kwenye besi hiyohiyo? Ingeniondolea familia nzima.

Kemia_Zamu
Salfoniki hukausha ngozi, na muuguzi au mpishi anayenawa siku nzima atakuja kulalamika. Besi ya mikono ni ungaroli peke yake: kilo 285 kwa kilo 1,000, unapata 20%. Kwenye kumalizia, kilo 1,000 za sabuni ya mikono zinachukua kilo 450 za besi hiyo na kilo 60 za betaini (kiambato laini kwa ngozi) ya 30%. Betaini msiiweke kwenye besi. Ina chumvi yake, karibu 5%, na inanenepesha. Besi itaanza kuisumbua pampu. Mkija kuongeza shampuu, itaingia familia hii bila kununua tangi.

Maabara_Tabata
Nakubaliana na Kemia_Zamu ila kuna mtego hapo kati. Besi ikae bila chumvi. Uzito wa sabuni hupanda kadiri unavyotia chumvi mpaka kileleni, halafu unaporomoka, na ukishapita kilele chumvi zaidi inazidi kuifanya maji. Kilele hicho hakikai mahali pamoja: kinahama na nguvu ya sabuni na pia na harufu. Ndiyo maana limau na lavenda kutoka besi moja, kwa chumvi ileile, moja inakuwa nzito na nyingine inachuruzika.

Kwa hiyo kila harufu ipimwe mara moja na iandikiwe kadi yake. Chukua gramu 200 za sabuni iliyokwisha kupunguzwa nguvu, ikiwa na rangi na harufu yake ndani. Tia chumvi kavu laini gramu 1, yaani 0.5%, koroga taratibu, iache povu litoke na ifike joto la chumba, kisha pima sekunde inazochukua kupita kwenye kikombe chenye tundu chini. Ongeza gramu moja moja mpaka 3%. Chora mstari, halafu chagua kipimo kilicho kabla ya kilele. Ukichagua kileleni kabisa, mchanganyaji akizidisha nusu kilo tu, bechi imeteleza.

Kwa mlio Dar: maji ya kisima yenye chumvi yanakula nafasi yako kabla hujatia chochote, na ugumu wake unafanya sabuni kuwa na ukungu. Pima maji kila wiki, au changanyeni besi kwa maji ya mvua au yaliyochujwa. EDTA (kemikali inayofunga madini ya maji magumu) 0.1% inasaidia kwenye ugumu, kwenye chumvi haisaidii.

Kihifadhi kiingie pH ikishakuwa sawa na joto likiwa chini ya nyuzi 45, la sivyo CMIT/MIT (kihifadhi cha kawaida cha sabuni za maji) inaharibika. Besi inayolala tangini siku tatu nayo inahitaji kihifadhi; nguvu ya 24% haiui bakteria wote. Formalini acheni, imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

ratiba_na_stoo
Sasa hesabu ya kuosha. Bechi 12 mara dakika 90 ni saa 18 kwa wiki. Ndani ya familia huhitaji kuosha kikamilifu. Suuza ya dakika 20 inatosha ukipanga mfuatano vizuri. Kwa familia mbili za sabuni unabaki na osho kubwa 2 na suuza 10: dakika 180 jumlisha 200, saa 6 na dakika 20.

Mfuatano ni huu: isiyo na rangi kwanza, kisha njano, kijani, bluu au zambarau mwisho. Harufu nyepesi itangulie kali. Harufu ya msonobari ikipita kabla ya limau, limau itanuka msonobari hata ukisuuza mara tatu, kwa sababu imenasa kwenye mipira na oringi (pete za mpira) za noseli. Wekeni seti ya pili ya oringi kwa zile kali, ni bei ndogo kuliko bechi iliyorudishwa.

Besi ichanganywe kwenye tangi la 1,000, harufu zimalizwe kwenye la 500. Muuzaji akileta oda ya ghafla ya lavenda lita 200, unamalizia tu, huanzi upya. Stoo yenu ijaze besi na chupa tupu, bidhaa kamili iwe ya siku chache.

Rangi nazo zipunguzwe: tartrazini (njano) na briliantibluu (bluu), mbili tu, zinakupa njano, bluu na kijani.

Thika_Plastiki
Mmesahau chupa, na pesa nyingi imelala pale. Chagueni mdomo wa 28/410 (kipimo cha shingo ya chupa, kipenyo mm 28) kwa 250 ml, 500 ml na lita 1. Kifuniko cha kubonyeza, pampu ya mikono na kinyunyizio vyote vinapatikana kwa mdomo huo, hivyo stoo inabaki na umbo moja la chupa kwa kila ujazo, na noseli hazibadilishwi. Chupa iwe wazi, rangi ya sabuni ndiyo itangaze harufu. Lebo ya mbele moja kwa familia nzima, na stika ndogo ya harufu juu yake.

Kuhusu harufu mbili za bosi: bidhaa 14 kwa ujazo 5 ni vitu 70 vya kuhesabu, 16 ni 80. Mwambie ziingie kwa ujazo mmoja tu, 500 ml, na kwa kila inayoingia moja itoke. Lita 20 zibaki harufu moja kwa kila bidhaa; hoteli na shule hazichagui lavenda.

mchanganyaji_mbagala
Limeeleweka. La mwisho: maji ya suuza ya kwanza tunamwaga. Yanaweza kurudi?

ratiba_na_stoo
Yanarudi ndani ya familia ileile, kwenye bechi yenye rangi nzito kuliko iliyotangulia. Yawekwe kwenye pipa lenye kifuniko na tarehe, yatumike ndani ya saa 24, na yapimwe uzito kama sehemu ya maji ya bechi. Yakilala zaidi ya hapo mwaga, na ya klorini au ya kilainisha nguo yasiguse pipa hilo kabisa.