Nimepewa sifuri kwa jibu sahihi, halafu naambiwa nilipe kurudia mtihani

Wanajukwaa, leo sina salamu ndefu. Niko Lamu, Langoni. Mchana nauza duka, jioni naenda madarasa ya hesabu nijiandae na diploma. Kituo sikitaji. Nimelipa Sh4,500 za muhula, na jana nimerudishiwa karatasi ya mtihani, usingizi wote umeniruka.

Swali la kwanza: tafuta x, ikiwa x² = 5x. Nikahamisha, x² − 5x = 0, nikatoa x nje ya mabano, x(x − 5) = 0, basi x ni 0 au 5. Ile 0 imekatwa kwa wino mwekundu. Mwalimu ubaoni aligawanya pande zote kwa x, akabaki na 5, basi. Ukigawanya kwa x umeshaamua kuwa x si sifuri, na nani kakwambia? Iweke 0 pale uone: 0 sawa na 0!

Hilo ningelimeza. La pili ndilo limenichoma. Watu 7 wako barazani. Je, yawezekana kila mmoja akapeana mkono na wenzake 3, si zaidi si pungufu? Nikaandika: haiwezekani. Kila mtu ni nukta, kila kupeana mkono ni mstari. Mstari una ncha mbili, kwa hivyo ukijumlisha hesabu za watu wote lazima upate namba shufwa. Hapa 7 × 3 ni 21, witiri. (Witiri ile ile ya sala ya usiku, si neno geni kwetu.) Nimepata 0 kwa 5. Pembeni ameandika: "Mchoro uko wapi?"

Kitu kisichowezekana nitakichora vipi?

Nikamfuata kwa adabu, nikamtolea salamu, nikauliza. Akanionyesha jibu lake: michoro minne, yote imeshindikana, chini yake "hivyo haiwezekani". Minne! Nukta 7 zina jozi 21, kila jozi waweza kuiunganisha au kuiacha, yaani michoro 2,097,152. Kajaribu minne akachoka. Na ni huyu huyu wiki iliyopita alitusimulia habari za mwanahisabati Euler na madaraja 7 ya mji wa Königsberg, mwaka 1736. Sasa Euler aliuzunguka mji mpaka viatu vikaisha? Si alihesabu madaraja yanayogusa kila kipande cha nchi kavu, akaona vyote vinne vina idadi witiri, akasema njia ya kuvuka kila daraja mara moja tu haipo?

"Mwongozo wa kusahihisha unataka mchoro," ndilo jibu nililopewa. Kurudia mtihani ni Sh1,000.

Silipi. Kuna mdau aliyewahi kudai karatasi yake isahihishwe na mtu mwingine? Barua ulimwandikia nani, na ulijibiwa? Picha ya karatasi nitaiweka usiku nikishafunga duka.