Nimelipa 60,000 kupuliziwa sisimizi, sasa wako hadi kwenye godoro la mtoto!

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mniwie radhi.

Nimepanga Tabata. Tangu mvua za masika zianze, jikoni kwangu kuna visisimizi vya rangi ya njano iliyofifia, milimita 2 hivi, usipoinama huwaoni. Wanatoka kwenye tundu la swichi, wanashuka ukutani hadi kwenye kopo la sukari. Nikaweka kopo ndani ya sahani ya maji, wakahamia kwenye mafuta ya kupikia.

Nikaita fundi wa kupiga dawa. Namuuliza, hawa ni aina gani? "Mama, mdudu ni mdudu." Hakuinama, hakufungua kabati, hakuuliza wanatokea wapi. Kavaa bomba mgongoni, kamimina kitu kutoka chupa ya maji isiyo na lebo yoyote, kapuliza ule mstari wao na vigae vyote, kachukua hela. Risiti ameandika "huduma ya mchwa". MCHWA! Mchwa hana hata kiuno, mwili umenyooka kama punje ya mchele. Sisimizi kiuno chake kimebanwa kama uzi. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analiona.

Siku mbili kimya. Mimi huyo nikamsifia kwa jirani na namba nikampa.

Siku ya nne wako jikoni, chooni na chumbani.

Jumapili kaja shemeji yangu, amesomea wadudu. Kawapiga picha, kaivuta, kacheka. "Shem, hawa ni sisimizi wa Farao. Nani kakwambia uwapulizie?" Kumbe kiota kimoja kina malkia wengi, na wanaotoka nje kutafuta chakula ni wachache tu. Ukiwapulizia, waliobaki wanabeba mayai, wanagawanyika na kuanzisha viota vipya. Yaani nimelipa 60,000 kuwafungulia matawi! Siafu angekuwa afadhali, maana huyo anapita na msafara wake anaondoka. Wale sisimizi wanaoitwa maji moto ndiyo kabisa, wako juu ya mwembe huko nje, hawana shida na sukari yangu.

Dawa yao ni chambo kinachoua taratibu, ili wakibebe wenyewe hadi kwa malkia. Shemeji kachanganya asidi ya boriki kidogo sana, kama asilimia 1, kwenye maji ya sukari, kalowanisha pamba, kaweka nyuma ya friji mtoto asikofika. Ukizidisha wanafia njiani. Na marufuku kupuliza chochote karibu. Leo siku ya sita, mstari wa jikoni umepungua, wa chumbani bado.

Fundi nikimpigia anataka 40,000 nyingine "ya marudio". Aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu aniambie alifanyaje, maana ofisi hana, ana namba ya simu tu.

Na jirani kapuliziwa jana. Asubuhi kanishukuru, nikaitikia tu.