Mbwa kaangukia bwawani, nisaidieni

Wana-Arizona, habari za Jumapili.

Tumehamia Chandler mwezi uliopita, nyumba ya kupanga yenye bwawa nyuma. Jana alfajiri narudi kutoka zamu ya usiku, nasikia kitu kinakwaruza uani. Kumbe Simba, mbwa wetu wa miaka 11, yumo majini upande wa kina. Kashika ukingo kwa miguu ya mbele, anateleza, anazama hadi masikio, anashika tena. Ngazi ziko upande wa pili, hatua kumi tu, wala hazitazami. Nikamvuta kwa ngozi ya shingo. Kucha mbili zimekatika, vigae vina damu.

Nilidhani mbwa na maji ni ndugu. Korogwe mbwa wa babu walikuwa wakivuka mto bila kuambiwa. Mwenye uzoefu anieleze.

Mama Junior

---

Pole sana Mama Junior.

Mto una kingo za mteremko, mbwa anatembea anatoka. Bwawa ni kama kisima, kuta zimesimama wima. Simba kuogelea anajua, kutoka ndiko hajui. Akishikwa na hofu anang'ang'ania palepale alipoangukia mpaka nguvu zimwishie.

Ingia naye majini, umeshika kamba. Mpeleke kwenye ngazi, apande, mpe kipande cha nyama. Halafu mwanzishie kona nyingine, na nyingine. Sisi ilituchukua wiki mbili, kila jioni. Weka chungu kikubwa cha maua kando ya ngazi awe na alama ya kulenga. Na kama mna ile ngazi ya chuma tu, mbwa hapandi hiyo. Kuna za plastiki za mbwa, zinafungwa ukingoni.

Mama Wawili, Glendale

---

Mafunzo ni sawa dada, lakini mimi nasema wekeni ua kwanza. Utamfundisha mbwa, kesho aje mtoto wa mgeni je?

Sheria ya jimbo, kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 6, inataka kizuizi cha futi 5 kuzunguka bwawa, geti lijifunge lenyewe na lifunguke kuelekea nje. Angalia na chini ya ua: kambwa ka jirani yangu kalichimba usiku mmoja tu, asubuhi kako ndani.

Halafu lile turubai la mapovu linaloelea kutunza joto, toa! Mbwa anaona sakafu, anakanyaga, linamkunja kama chapati. Ukichungulia dirishani huoni kitu.

Baba Kendi, Mesa

---

Mama Junior, umempeleka kwa daktari wa mifugo? Ninafanya kazi kliniki ya wanyama hapa Tempe. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye, hata kama sasa anatikisa mkia. Akikohoa, akihema mbio, au ufizi ukiwa wa buluu, usingoje asubuhi.

Ukimkuta hapumui na moyo haupigi: mlaze ubavu, kandamiza kifua mara 30, mfumbe mdomo, pulizia puani mara 2, rudia, huku mwenzako anaendesha gari.

Swali moja: bakuli lake la maji liko wapi? Joto hili si mchezo. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo nyuzi 43 na zaidi. Mbwa mzee mwenye kiu anainama bwawani kunywa, miguu inateleza, kwisha. Weka bakuli kivulini, mbali na bwawa.

Dada wa Tempe

---

Asanteni jamani. Dada wa Tempe, swali lako limenichoma: bakuli lilikuwa tupu.

Nilimpeleka jana ileile. Mapafu mazuri, ila daktari kamkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sasa naelewa kwa nini ngazi hakuzitazama. Mwenye nyumba kakubali kuweka ua, fundi anakuja Alhamisi. Mpaka hapo mlango wa nyuma umefungwa na Simba anatoka kwa kamba tu. Turubai liko gereji, nimelikunja.

Chungu nimeweka, nimepanda mchaichai, akikaribia aunuse. Leo kapanda ngazi mara tatu. Ya nne kagoma, kaenda kulalia taulo langu.

Mama Junior