Naomba ushauri: hataza ya draiva imekataliwa Marekani, eti ni jambo la dhahiri

Wakuu, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuliomba hataza (haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) Marekani kwa kifaa kinachobeba ndani draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia. Ukikichomeka, kinatambua kwanza mfumo endeshi wa kompyuta (kama Windows), ndipo kinatoa draiva inayofaa, bila CD wala intaneti.

Mkaguzi amekataa. Kachukua nyaraka mbili za zamani, moja ya modemu za USB zinazojitokeza kama CD, nyingine ya programu inayotambua mfumo endeshi, akasema fundi wa kawaida angeziunganisha tu. Modemu nilizotumia mimi zilileta faili zilezile kwa kila kompyuta! Imeniuma, tumehangaika nacho miaka miwili.

Najua tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2007, si lazima waraka wa zamani useme waziwazi "unganisha". Ila kesi ya Graham ya 1966, ya mahakama hiyohiyo, inaruhusu kuonyesha kwamba tatizo lilidumu na wengine walishindwa. Tuegemee hapo, au tubanye madai yetu (sehemu ya ombi inayotaja hasa tunachotaka kilindwe) yahusu utambuzi pekee? Na viapo vya mafundi vina uzito? Tumepewa miezi 3 kujibu, mmoja umeshapita.