MREJESHO: Ruzuku ya kuwafundisha utafiti wanafunzi wa shahada ya kwanza

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa namna ya kuomba R25, ruzuku ya mafunzo ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), ili wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka jamii mbalimbali wajifunze utafiti wa afya ya akili. Asanteni sana mlionijibu.

Ushauri uliosaidia kuliko yote ni wa kumwandikia mapema ofisa wa programu wa NIH. Alisoma ukurasa wetu wa malengo akaona mpango wa tathmini hausemi tutawafuatiliaje wanafunzi wakishahitimu. Tukauongezea. Na uliyenikumbusha kwamba R25 ina ukomo wa asilimia 8 kwa gharama zisizo za moja kwa moja (zile za uendeshaji wa chuo, kama umeme na ofisi), Mungu akubariki.

Matokeo: hatukupata. Jopo la kupima maombi lilisifu posho ya wanafunzi (mwanafunzi anayejisomesha hawezi kufanya kazi maabara bure, hili naliamini kabisa), ila liliona walezi (watafiti wa kuwaongoza wanafunzi) ni wachache. Kanuni inaruhusu kuliwasilisha tena ombi lililorekebishwa mara moja ndani ya miezi 37, kwa hiyo tunatafuta walezi zaidi na tutaliwasilisha tena.

Kwa sasa chuo kimelipia wanafunzi wawili. Mmoja ameshaanza kuchambua data za usingizi na sonona.