Nyinyi mnaoandika komedi za familia, huyo kijana mpole amewakosea nini?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimefunga kinyozi nikiwa na hasira, na afadhali niimwage hapa kuliko kuipeleka nyumbani kwa watu wasio na hatia.

Mimi ni kinyozi hapa Nakuru, Section 58. TV yangu iko juu ya kioo, inawaka asubuhi mpaka nifunge. Wikendi benchi linajaa watoto wanaongoja zamu, na wanachotaka ni komedi za familia, za kwetu na za Marekani, mpya na zile za zamani zinazorudiwa. Mimi mashine iko mkononi, macho yako kichwani mwa mteja, kwa hivyo nyingi nimezisikia tu bila kuziona. Na ukisikiliza komedi bila kuitazama, kitu cha kwanza unachokigundua ni pale kicheko kinapowekwa. Kinawekwa juu ya yule kijana mpole. Akifungua mdomo, kicheko. Akishindwa kuendelea kuongea kwa sababu koo limemkaba, kicheko mara mbili.

Mnamjua. Kila familia ya komedi inaye. Anapenda kuimba au kuchora, anaogopa mpira, machozi yako karibu. Dada yake ana mdomo mkali na majibu. Mama ana mbinu zake. Hata mfanyakazi wa nyumba ana siri zake na mipango yake. Huyu hana lolote ila kuchekwa.

Juzi Jumamosi ndipo nilipofika mwisho. Komedi moja ya hapa kwetu, sitaitaja jina, wanaoitazama wataijua. Familia inajiandaa kwa Krismasi, kuna jogoo wa kuchinjwa. Kijana amemlea huyo jogoo tangu akiwa kifaranga, amempa jina. Baba, sauti kama ya spika ya mkutano, anamwambia amshike mabawa. Kijana analia. Hapo wakaondoa sauti ya yule mwigizaji kabisa, wakapachika sauti ya mtoto mchanga, ile ya nga nga ngaaa. Kisha nyanya akaja, akamfunga leso kiunoni, akamsukuma jikoni akakate vitunguu na wasichana. Mwisho wa kipindi. Jogoo akaliwa, kijana hakuongea tena.

Niambieni, mwandishi aliyefikiria jambo zuri hivyo, mtoto na jogoo wake, alishindwa nini kumpa mtoto hata sentensi moja ya kumwambia baba yake? Moja tu. Mtani wa kweli hukutania akijua utamrudishia, tena hungoja umrudishie. Huyu amefungwa mdomo halafu anatandikwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kwenye kiti alikuwa mtoto wa kama miaka tisa, amekalia ule ubao tunaoulaza kwenye mikono ya kiti ili wadogo wafikie kioo. Nimemaliza kumnyoa, nikampaka spiriti kisogoni. Ile kitu inachoma hata mtu mwenye ndevu. Macho yakamlenga machozi. Jamaa mmoja kwenye benchi, mtu mzima, baba wa watoto, akatoa ile sauti: nga nga ngaaa! Kinyozi kizima kikaanguka kwa kicheko. Mtoto akainua macho kwenye kioo, akaona sura zote nyuma yake zimefunguka midomo, akajipangusa kwa taulo langu, akaanza kucheka nao. Alicheka kwa bidii kuliko wote.

Hicho kicheko chake ndicho kilichonipandisha hasira.

Na kabla hamjaniambia kwamba nachukia vitu vya kwetu, nitaanza na vya wenzetu. Modern Family, iliyoanza 2009 na kuisha 2020, ina mtoto anaitwa Manny. Kipindi cha kwanza kabisa anakwenda kumpa msichana mkubwa kuliko yeye shairi la mapenzi. Anakunywa kahawa kama mzee. Nilimpenda papo hapo. Komedi ile haina kicheko cha kupachikwa, inapigwa kama filamu ya maisha halisi, na watu nilioongea nao wanasema hiyo ndiyo heshima yake. Mimi nasema angalieni macho ya Jay, baba wa kambo. Manny akisema jambo la moyoni, Jay anageuka anaangalia kamera. Hasemi kitu. Anatuangalia sisi, anatuomba tumhurumie yeye, na sisi sebuleni tunacheka. Kicheko hakijapachikwa, kimehamishiwa kwetu.

Kuna kipindi Manny anaenda shule siku ya kwanza amevaa poncho ya Kolombia, nchi ya mama yake. Jay anasema atapigwa. Mama, Gloria, anamtetea mtoto kama simba jike. Nikasema haya, leo ndiyo leo. Kumbe mtoto amebeba na filimbi, anataka kupuliza na kucheza ngoma ya kwao. Gloria mwenyewe akasema poncho peke yake sawa, lakini pamoja na filimbi na hiyo ngoma, hapana. Filimbi ikavunjwa. Nilicheka, ni kipindi kilichoandikwa vizuri sana, sikatai. Lakini kumbukeni kwamba hata aliyekuwa upande wa mtoto alikuwa na kipimo chake cha uanaume, na mtoto ndiye aliyerudi bila filimbi. Na kadiri Manny alivyokua ndivyo waandishi walivyomchoka. Alipokuwa na miaka 11 upole wake ulikuwa mtamu, alipoota ndevu wakaufanya kero.

(Huyo Jay anaigizwa na Ed O'Neill, yule aliyekuwa Al Bundy kwenye komedi ya Married... with Children kuanzia 1987, muuza viatu ambaye uanaume wake wote ni mechi moja aliyocheza akiwa sekondari. Hilo nalo ni uzi mwingine.)

Msiniambie komedi haiwezi kufanya vingine, kwa sababu ilishafanya. The Fresh Prince of Bel-Air ilirekodiwa mbele ya watazamaji wanaocheka papo kwa papo. Na kwa miaka ile yote sita ilimcheka Carlton, binamu wa mhusika mkuu Will, kwa kuwa laini, kwa sweta zake, kwa kucheza wimbo wa Tom Jones. Lakini mwaka 1994 walitoa kile kipindi ambacho Lou, baba mzazi wa Will aliyepotea miaka 14, anarudi na kumtupa tena. Will anaanza kwa majigambo, anasema hajali, alijifunza kila kitu bila yeye. Anapaza sauti, anahesabu. Kisha anavunjika na kumuuliza mjomba Phil kwa nini baba yake hamtaki. Phil anamkumbatia. Hakuna aliyetupia mzaha hapo. Ukumbi mzima kimya. Nimeshuhudia mafundi wa pikipiki wakinyamaza kwenye kinyozi changu kipindi hicho kikipita, mmoja akajidai anatafuta simu mfukoni.

Ni komedi ile ile, watazamaji wale wale. Tofauti ni kwamba mwandishi aliamua kicheko kikae wapi.

Halafu tuje kwetu, ambako nina uchungu zaidi. Wanaosema Mkenya hataki kuona udhaifu wa mwanaume kwenye TV wamesahau walikotoka. Papa Shirandula, Mungu amlaze pema Charles Bukeko aliyemwigiza, aliyetuacha Julai 2020, alikuwa nani? Bawabu anayetoka nyumbani na suti ili mkewe Wilbroda asijue kazi yake, kisha anabadilisha akifika langoni. Komedi ile ilisimama juu ya aibu ya mwanaume anayeogopa mkewe atamwona mdogo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini tulikuwa tunaucheka uongo wake, na tulimpenda kwa ile hofu. Wanaume wangapi hapa mjini wanatoka asubuhi wameng'arisha viatu na hakuna ofisi wanayoenda? Walijiona pale. Mzee Ojwang' naye kwenye komedi ya Vitimbi alikuwa akiogopa, akitoroka, akilalama kama mtoto, na nchi nzima ilimheshimu mpaka alipotuaga 2015.

Kumbe mzee anaruhusiwa kuwa mwoga na akapendwa. Kijana wa miaka kumi na mbili haruhusiwi. Nielezeni hiyo hesabu.

Kitu kingine kinachonikera ni kwamba huyu kijana mpole wa komedi zetu siku hizi lazima awe babi. Anaongea Kiingereza cha puani, hajui kuchota maji, analelewa na mama aliyemdekeza. Ujumbe ni kwamba upole ni ugonjwa wa watu wenye pesa. Nyoa vichwa hapa wiki moja uone. Watoto wanaokuja kutoka Kaptembwo na Bondeni wanaficha daftari za michoro chini ya shati. Kuna mmoja ananiimbia nyimbo zote za kanisa akiwa kwenye kiti, sauti ya juu, safi kabisa, na mlango ukifunguliwa akiona ni wavulana wa rika lake ananyamaza ghafla kama redio iliyokatwa umeme. Mtaala wenyewe sasa una mkondo wa sanaa na michezo kwa sekondari ya juu. Nani atauchagua kwa ajili ya sanaa ikiwa kila jioni anaonyeshwa kwamba mvulana wa sanaa mwisho wake ni leso kiunoni?

Tena hiyo leso. Eti kupika ni adhabu ya mwanaume. Waandishi wetu hawajawahi kuamka mapema? Pita kwenye vibanda vya Nakuru saa kumi na moja alfajiri, uangalie ni nani anakanda unga wa chapati, nani amesimama juu ya karai la mandazi, nani anapika supu. Wanaume, mikono mpaka kiwikoni. Lakini kwenye TV baba hawezi kuchemsha chai bila kuunguza sufuria, na akiweza, anaambiwa amekaliwa chapati, yaani ametawaliwa na mke. Mnawatukana mababa na vijana kwa mkupuo mmoja halafu mnaita hiyo komedi ya familia.

Sitaki kitu kipigwe marufuku, msinielewe vibaya. Wale wa bodi ya uainishaji wa filamu wana vipimo vyao, wanatazama matusi, ngono, vita, dawa za kulevya, na wakianza kukata mizaha na mikasi hatutabaki na chochote. Nataka waandishi waone haya. Ni watu wazima, wana kalamu, wana watoto.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Wa kwanza ananiuliza kwani nataka wavulana wawe wasichana. Kaka, huyo mtoto alikuwa na jogoo. Alimlisha, alimlinda na mwewe. Sijui wewe kwenu wanaume hufanya kazi gani nyingine.

Wa pili anasema maisha ni magumu, bora kijana akomazwe mapema na kicheko. Mimi nakutana na waliokomazwa hivyo. Wanakaa kwenye kiti changu dakika thelathini, juzi wamezika mama, nikiwauliza habari wananijibu "poa" na kuniomba niongeze sauti ya mpira. Kama huko ndiko kukomaa, mimi sikuoni.

Na wewe uliyesema kinyozi anyoe aache mambo ya TV: nimenyoa watu kumi na saba leo, wenye kulia na wasiolia. Karibu uwe wa kumi na nane, spiriti ninayo ya kutosha.

Kuna dada ameuliza swali la maana, kwamba badala ya kulalamika niseme nataka kuona nini. Nataka kidogo sana. Rudieni kile kipindi cha jogoo. Kijana alie kwa sauti yake mwenyewe, sio ya kupachikwa. Baba apige kelele zake zote, na nyanya amkumbushe yeye baba alivyojificha chooni siku mbuzi wake alipouzwa. Hapo tutacheka tufe, tena baba akiwa mbele. Jogoo achinjwe, ni Krismasi, watu wale. Lakini kijana amalize kusema alichotaka kusema.

Mwenye kujua komedi ya Kenya, hata ya YouTube, ambayo mvulana analia na hafungwi leso, aandike hapa jina na siku inayotoka. Jumamosi nafungua saa mbili asubuhi na rimoti ninayo mimi.